Nyimbo za John Prine: nzi wa jikoni, kodi tatu na kidole gumba

Wapenzi wengi wa kantri Afrika Mashariki wamewahi kumsikia John Prine bila kumjua. Don Williams, ambaye Kenya inamhesabu karibu kama mtu wa nyumbani na ambaye mwaka 1997 alirekodiwa jukwaani Harare, alifika kileleni mwa chati ya kantri ya Marekani mwaka 1983 kwa wimbo "Love Is on a Roll". Walioutunga ni Roger Cook na John Prine. Wawili hao ndio pia watunzi wa "I Just Want to Dance with You", ambao George Strait aliufikisha namba moja mwaka 1998. Ni nyimbo nzuri, laini, za kuchezea harusini. Lakini anayeishia hapo hajamkuta Prine mwenyewe, kwa sababu Prine mwenyewe yuko kwenye albamu zake, anaimba kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo akiwa amekaa mezani, na anakutajia vitu.

Hilo la kutaja vitu ndilo la kushika. Watunzi wengi wa kantri hukuambia moja kwa moja kwamba moyo unauma. Prine hukuambia kuna nzi jikoni, au kiatu kilichokwisha soli, halafu ananyamaza, na uchungu unaupata wewe. Kwa hiyo nyimbo zake ni rahisi kwa vidole na ngumu kwa koo. Kodi, yaani sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa pamoja, unaweza kuzijua mchana mmoja. Kuziimba bila kuziharibu ni kazi nyingine.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 Maywood, mji mdogo pembezoni mwa Chicago, lakini wazazi wake walitoka wilaya ya Muhlenberg, Kentucky, na familia ilikuwa ikirudi huko mara kwa mara. Kaka yake Dave alimfundisha gitaa akiwa na miaka 14, na baadaye akasoma kwenye shule ya muziki ya Old Town School of Folk Music pale Chicago. Alitumikia jeshi Ujerumani Magharibi, akarudi, akawa mgawa barua wa posta. Nyimbo kadhaa zilizomjengea jina alizitunga akiwa anatembea nyumba kwa nyumba na mfuko wa barua begani. Mara ya kwanza kupanda jukwaani, kwenye klabu ndogo ya Fifth Peg, aliimba "Sam Stone", "Hello in There" na "Paradise". Mwaka 1970 mhakiki wa filamu Roger Ebert aliingia humo, akaandika habari zake kwenye gazeti la Chicago Sun-Times, na watu wakaanza kujaa. Baadaye rafiki yake Steve Goodman alimleta mwimbaji Kris Kristofferson kumsikiliza, na mlango wa kampuni ya rekodi ya Atlantic ukafunguka.

Albamu ya kwanza, yenye jina lake tu, ilitoka mwaka 1971 ikiwa na nyimbo 13. Prodyuza alikuwa Arif Mardin, na karibu yote ilirekodiwa Memphis katika studio ya American Sound, na wapigaji wa hapo hapo: Reggie Young kwenye gitaa, Bobby Emmons kwenye ogani, Gene Chrisman kwenye ngoma. Hawa walikuwa mabingwa wa nyimbo za soul, na ukisikiliza kwa makini utasikia walivyojizuia. Ogani ya "Sam Stone" haitafuti sifa. Imekaa nyuma ya sauti kama kanisani kabla ibada haijaanza. Ni "Paradise" peke yake iliyorekodiwa New York, Dave Prine akiwa kwenye fidla na Goodman kwenye gitaa na sauti ya pili.

Tuuangalie "Angel from Montgomery" kwa karibu. Anayesema ni mwanamke wa makamo anayejiona mzee kuliko miaka yake. Aliyeutunga ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Prine alieleza kwamba picha iliyomjia ilikuwa mwanamke amesimama kwenye maji ya kuoshea vyombo, mikono ina povu. Sasa tazama alivyopanga beti. Ubeti wa kwanza unatoa utambulisho: mimi ni nani, nimepewa jina la nani, mume wangu ni mtu wa namna gani. Wa pili unarudi ujanani, kwa mchunga ng'ombe aliyepita na kwenda zake. Wa tatu hauna tukio lolote. Kuna nzi wanavuma jikoni, na kuna swali: mtu anaondoka asubuhi kwenda kazini, anarudi jioni, anakosaje la kusema? Mtunzi mwingine angetuwekea talaka hapo, au kifo. Prine anatuwekea nzi, maana nyumba ambayo unawasikia nzi ni nyumba ambayo hakuna anayezungumza. Neno "upweke" halihitajiki tena.

Kodi zake ziko hivi. Ukiupiga kwa ufunguo wa G, yaani G ikiwa ndiyo kodi ya nyumbani, ubeti ni G na C zikipokezana, na mstari wa mwisho unapita C na D kurudi G. Kiitikio ndicho kina jambo: G, F, C, G, mara tatu, kisha mstari wa kufunga G, C, D, G. Hiyo F haimo kwenye familia ya kawaida ya G. Inaposhuka ghafla, wimbo mzima unashuka nayo hatua moja, na hapo hapo ndipo mwanamke anapoomba ageuzwe malaika aruke aende. Maneno yanataka kupanda na kodi inateremka. Wapigaji wengi wanaoanza hubadilisha F wakaweka D kwa sababu F inawashinda mkono, na kwa kufanya hivyo wanaubomoa wimbo. Kuna njia mbili za kulikwepa tatizo bila kuharibu kitu. Ya kwanza ni F ndogo ya nyuzi nne: kidole cha shahada kilale kwenye nyuzi ya 1 (ile nyembamba kuliko zote) na ya 2 chumba cha kwanza (chumba ni nafasi kati ya vichuma viwili vya shingo ya gitaa), cha kati nyuzi ya 3 chumba cha pili, cha pete nyuzi ya 4 chumba cha tatu, nyuzi ya 5 na ya 6 usiziguse. Ya pili ni kuuhamishia wimbo kwenye D: ubeti unakuwa D, G na A, na kiitikio D, C, G, D. Hapo hakuna kodi hata moja ya kubana nyuzi zote.

Bonnie Raitt aliurekodi mwaka 1974 na wengi wanaujua kwake. Anaunyoosha, anaupa pumzi ndefu, na anafaulu kwa kuwa sauti yake inaweza kubeba nafasi hiyo. Asiye na sauti ya Bonnie Raitt afuate mwendo wa Prine, ambao una kasi zaidi na hauombi huruma.

"Sam Stone" ni darasa la pili. Mwanzoni uliitwa "Great Society Conflict Veteran's Blues". Unamhusu askari aliyerudi na chuma gotini na mofini, dawa ya maumivu inayolevya, damuni. Ulitoka Wamarekani wakiwa bado wanapigana Vietnam, lakini jina la vita hiyo halimo kabisa, na hakuna mstari unaolaani serikali. Kilichomo ni nyumba: watoto wanavaa nguo za watoto wa wengine, hela zinaingia kwenye mkono wa baba, na mwishoni nyumba yenyewe inakwenda kununua jeneza. Kiitikio kinasemwa kwa lugha ya mtoto, na ndicho kina mstari mmoja unaomtaja Yesu kwa uchungu mkali. Johnny Cash alipouimba aliubadilisha mstari huo, jambo linaloeleweka kwa mtu wa imani yake. Lakini ukilinganisha, utaona wimbo unapungua uzito, kwa sababu mtoto aliyevunjika moyo hachagui maneno.

Watu huukosea wimbo huu kwa kuuimba wakilia. Mwimbaji anafika mstari wa kwanza tayari sauti inatetemeka, na akifika ubeti wa mwisho hana tena pa kupanda. Prine anauimba kwa kimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma taarifa. Ukitaka kujipima, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza maneno ya mwisho ya kila mstari. Kama unayavuta au kuyatetemesha, yakate mapema. Ukimya unaobaki ni sehemu ya wimbo.

Sasa tuje kwenye gitaa, na hapa Muhlenberg inarudi kwa nguvu. Wilaya hiyo na jirani zake ndizo zilizozaa mtindo wa kidole gumba ambao dunia inauita kwa jina la Merle Travis. Travis alizaliwa humo mwaka 1917. Kabla yake walikuwepo Mose Rager na Ike Everly, baba wa ndugu wawili wa Everly Brothers, na nyuma yao alikuwepo Arnold Shultz, mpiga gitaa mweusi aliyefanya kazi migodini na ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Gumba linapiga besi bila kukoma, vidole viwili vinachukua melodi. Prine alijifunza toleo jepesi la mtindo huo. Msomaji aliyekulia na gitaa kavu la George Mukabi, au aliyemsikia Mwenda Jean Bosco kwenye "Masanga", ataitambua hali hiyo haraka: mtu mmoja anasikika kama wawili. Mwenda alitumia gumba na kidole cha shahada, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na mkono uliozoea kumfuata yeye utachukua muda mfupi kumfuata Prine.

Anza na C. Gumba lipokezane nyuzi ya 5 na ya 4, mapigo manne: 5, 4, 5, 4. Weka metronomu, kile chombo cha kuhesabia mapigo, kwenye 60 na ufanye hivyo peke yake mpaka uweze kuzungumza na mtu huku gumba linaendelea. Kisha ongeza vidole. Pigo la kwanza, gumba kwenye nyuzi ya 5 na kidole cha kati kwenye nyuzi ya 1, pamoja. Pigo la pili, gumba nyuzi ya 4, na nusu ya pigo baadaye shahada nyuzi ya 2. Pigo la tatu, gumba nyuzi ya 5, na nusu baadaye kidole cha kati nyuzi ya 1. Pigo la nne, gumba nyuzi ya 4, basi. Kwenye G gumba linahamia nyuzi ya 6 na ya 4. Kwenye D ni ya 4 na ya 3, na hapo shahada ibaki kwenye ya 2.

Kinachoharibika ni karibu kila mara kitu kile kile: kodi inapobadilika, gumba linasimama. Chanzo hakiko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unachelewa kwa sababu unajaribu kuweka vidole vyote kwa mpigo mmoja. Weka kwanza kile kidole kinachoshika nyuzi ya besi, vingine vifuate nusu pigo baadaye, msikilizaji hatajua. Kosa la pili ni besi kulia kwa muda mrefu na kumeza maneno. Laza ukingo wa kiganja kidogo juu ya nyuzi nene, karibu kabisa na daraja la gitaa, mpaka sauti iwe fupi na kavu. Ukisogeza kiganja kuelekea tundu, nyuzi zitakufa kabisa. Na kama unatumia kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa, iweke karibu na kichuma, nyuma yake kidogo. Ikikaa katikati ya chumba nyuzi zinavutika na gitaa linatoka nje ya sauti, hata kama ulilifunga vizuri.

"Paradise" hauhitaji hata hayo. Ni wa robo tatu, yaani unahesabiwa mapigo matatu matatu, D, G na A tu, ubeti na kiitikio kodi zile zile. Besi kwenye pigo la kwanza, kukwaruza kwenye la pili na la tatu. Prine aliutunga kwa ajili ya baba yake. Paradise kilikuwa kijiji halisi kando ya mto Green River, na wimbo unaitaja kampuni ya Peabody kwa jina, na koleo kubwa kuliko yote duniani lililochimbua makaa hadi ardhi ikaisha. Wakazi wa mwisho waliondolewa mwaka 1967 na shirika la umeme la TVA, ambalo mtambo wake wa makaa ulikuwa umejengwa hapo hapo. Ubeti wa mwisho anaomba majivu yake yamwagwe kwenye mto huo. Angalia ujanja wa umbo lake: kiitikio ni mazungumzo, mtoto anaomba apelekwe, baba anajibu umechelewa mwanangu. Ukiimba na kundi, gawa hizo sauti mbili. Na usiupunguze mwendo kwa kuwa habari ni za huzuni. Ukienda polepole robo tatu inageuka bembeleza ya mtoto, na hasira iliyomo inapotea.

Albamu zilizofuata hazilingani. "Diamonds in the Rough" ya 1972 ni kavu na ya nyuzi tupu, na ina "Souvenirs", ambao wengi wetu tunauweka karibu na zile za kwanza. "Sweet Revenge" ya 1973 ina ukali na vichekesho, na pia ina "Mexican Home", wimbo wa baba yake aliyekwisha kufariki. "Common Sense" ya 1975, chini ya prodyuza Steve Cropper, imejaa tarumbeta na sauti za wasaidizi kiasi kwamba maneno yanatafutwa. Sikiliza mara moja, endelea. "Bruised Orange" ya 1978, hiyo kaa nayo. Goodman ndiye aliyeisimamia, na alijua kitu ambacho wengine hawakukijua: ala ziingie pale tu Prine anapovuta pumzi. Wimbo wenye jina la albamu unaanza na kifo cha kijana aliyegongwa na treni akienda kutumikia altareni, tukio la kweli alilolikumbuka, halafu kiitikio kinageuka kuwa onyo kuhusu hasira. Hakuna kiungo kinachoelezwa kati ya hayo mawili. Kiungo ukitafute mwenyewe.

"Pink Cadillac" na "Storm Windows" unaweza kuziruka mwanzoni. Kisha likaja jambo la biashara ambalo wanamuziki wa kwetu wanaojisimamia wanafaa kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Prine aliachana na kampuni kubwa, akaanzisha lebo yake, Oh Boy, pamoja na meneja wake Al Bunetta na Dan Einstein. Waliuza kwa posta, na mashabiki walituma hundi kabla albamu haijatoka. "Aimless Love" ya 1984 ilitoka kwa njia hiyo, "German Afternoons" ikafuata mwaka 1986 ikiwa na "Speed of the Sound of Loneliness", na mwaka 1991 "The Missing Years", iliyosimamiwa na Howie Epstein wa bendi ya Tom Petty, ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya folk ya kisasa. Haki za rekodi zilibaki kwake. Hilo ndilo lililomwezesha baadaye kukaa miaka kadhaa bila kutoa nyimbo mpya na bado akaishi kwa muziki wake.

"Lake Marie", wa 1995, unastahili onyo. Beti zake zinasemwa, haziimbwi, na kodi tatu zinazunguka chini bila kubadilika. Wapigaji wanadhani kusema ni kupumzika. Ukisema nje ya mdundo, bendi inakosa pa kushika, na kiitikio kikija kinaingia vibaya. Jizoeze kwa kusema maneno huku mguu unagonga pigo la pili na la nne.

Mwaka 1998 alipatikana na saratani shingoni. Upasuaji na mionzi vilimshusha sauti na kuikwaruza, na ikabidi ateremshe funguo za nyimbo zote. Mwenyewe alisema hilo lilimfanya azipende upya. Tunayo bahati ya kuweza kulinganisha, kwa sababu albamu "Souvenirs" ya mwaka 2000 ina nyimbo za zamani alizozirekodi tena, zikiwemo "Sam Stone", "Hello in There" na "Angel from Montgomery". Zisikilize sambamba na zile za 1971. Kijana alikuwa anaigiza uzee kwa akili. Mzee hahitaji kuigiza, na anaimba kwa nguvu ndogo zaidi.

Hapo kuna somo la ufunguo kwa kila anayeimba nyimbo hizi. Usichague ufunguo kwa noti ya juu kama tulivyozoea kwenye kwaya. Chagua kwa noti ya chini: itafute noti ya chini kabisa ya wimbo, na hakikisha unaweza kuitoa kwa sauti ile ile unayotumia kuongea. Kumbuka kapo hupandisha tu, haishushi. Kama G iko juu mno na unataka F, weka kapo chumba cha tatu upige maumbo ya D, au chumba cha tano upige maumbo ya C.

Albamu ya mwisho aliyoitoa akiwa hai ni "The Tree of Forgiveness" ya 2018, nyimbo 10, prodyuza Dave Cobb. Iliingia chati kuu ya Marekani kwenye nafasi ya 5, akiwa na miaka 71. "Summer's End" ndio wimbo wake mkubwa: kiitikio kinamwita mtu arudi nyumbani, na hakisemi alikwenda wapi wala kwa nini. Prine alifariki tarehe 7 Aprili 2020 kwa UVIKO-19, na wimbo uliotoka baada ya hapo, "I Remember Everything", ulishinda Grammy mbili mwaka 2021.

Kwa anayetaka kuanza na gitaa mkononi, mpangilio unaofaa ni huu: "Paradise" kwa ajili ya mwendo wa besi, "Angel from Montgomery" kwa D, kisha "Souvenirs" kwa gumba. "Hello in There" uache mwisho. Una kodi nyingi kuliko hizo zote, unabadilika ndani ya mstari, na wazee wawili wanaoimbwa humo hawana habari ya kupeana. Ukishika kodi kwa papara, msikilizaji atasikia papara hiyo badala ya wao. Ufanyie kazi mkono wa kushoto peke yake kwanza, bila kuimba, mpaka usihitaji kuutazama.